Siku moja ya mgumu wa Mlima Meru

Saa 10 na nusu alfajiri naamka, nakunywa chai ya rangi na kiporo cha wali, natoka. Saa 2 asubuhi niko Lango la Momella, Hifadhi ya Taifa ya Arusha, nasubiri mizigo ipimwe kwenye mzani, pamoja na wagumu wenzangu, yaani wabeba mizigo wa mlimani.

Watu wengi hutuona kwenye picha za wageni, nyuma kabisa, mizigo kichwani. Wanadhani mgumu ni mtu aliyekosa kazi nyingine. Nataka waione siku yenyewe.

Kikomo cha mzigo ni kilo 20, na nguo zangu, blanketi langu na koti langu la mvua vimo humohumo. Wageni wetu safari hii walikuwa vijana watano kutoka Dar es Salaam, nami nilifurahi, maana mlima huu ni wetu sote. Ila kaka mmoja alileta sanduku la magurudumu. Huwezi kupanda msitu na sanduku la magurudumu. Ikabidi tuhamishie vitu vyake kwenye begi laini, naye amesimama juu yetu anauliza kila shati linakwenda wapi. Saa nzima ikapotea hapo. Tulipoondoka jua lilikuwa limeshapanda.

Kwa kawaida sisi hutangulia kwa njia fupi ili wageni wakifika Miriakamba, kituo cha kwanza cha kulala, wakute maji ya moto na chai. Siku hiyo kulikuwa na nyati wengi karibu na njia, tukaambiwa tuandamane wote, askari wa hifadhi na bunduki yake mbele.

Hapa ndipo kazi ilipo, na wachache wanaijua. Mzigo hauumizi sana ukitembea kwa mwendo wako. Unaumiza ukisimama. Wageni wakisimama kumpiga picha twiga, shingo yako inahesabu. Ukitua, lazima mwenzako akutwike tena, naye ana wake. Tulivuka Mto Ngare Nanyuki, tukapita uwanda wenye twiga na ngiri, na kila hatua ishirini tunasimama. Ngata yangu ya kichwani ilikuwa imelowa jasho hata kabla hatujaingia msituni.

Kisha yule kaka akawasha spika.

Mziki mkubwa, katikati ya mierezi. Mbega waliokuwa wanaota jua juu ya mti wakarukia mti wa pili, mikia myeupe ikipepea, wakapotea. Dada mmoja alikuwa ndiyo kwanza anatoa kamera. Mbega si kama nyani; chakula chake kikubwa ni majani, na majani hayampi nguvu za haraka; asubuhi anahitaji kukaa kwa utulivu. Nilitamani kusema, lakini mgumu hamsemeshi mgeni hivyo. Kiongozi wetu alimwomba kwa upole, akapunguza sauti kidogo tu.

Tulipopinda kona, nyati dume alikuwa njiani. Peke yake. Hao wa peke yao, wazee waliokwisha kuacha kundi, ndio wa kuogopwa. Askari akainua mkono. Sote tukaganda. Spika bado inaimba.

"Kaka, zima hiyo."

"Kidogo tu, mkuu, nirekodi."

"Zima. Sasa hivi."

Akazima. Sijui tulisimama muda gani. Kutua mzigo ni kelele, kwa hiyo hakuna aliyetua. Nilikuwa na mtungi wa gesi na sufuria za mpishi; vikigongana vinalia. Nilivishika kwa mkono mmoja mpaka vidole vikafa ganzi, jasho likiniingia machoni, nami siwezi kulifuta. Nyati alitutazama, akanusa hewa, akashuka bondeni taratibu. Mwenzangu nyuma yangu, kijana mdogo, miguu ilikuwa inamtetemeka. Hakuangusha hata kijiko. Nilijivunia sana kijana yule.

Baada ya hapo ni kupanda tu, ndevu za kijani zikining'inia kwenye miti, ukungu, matope. Tulifika Miriakamba, mita 2,514, mchana umekwisha. Kwa wageni ilikuwa mapumziko. Kwetu: kuchota maji, kuwasha jiko, bisi na chai mezani, maji ya kunawa, kumenya viazi.

Jioni Kilimanjaro ikafunguka upande wa mashariki. Yule kaka alinikuta nasugua sufuria, akaniuliza kwa nini Meru umebomoka upande mmoja. Nikamweleza: upande wa mashariki uliporomoka maelfu ya miaka iliyopita, na maziwa ya Momella aliyoyaona chini yamekaa juu ya kifusi hicho. Mara ya mwisho mlima kulipuka ni 1910. Akakaa chini. Akauliza tena, kuhusu mbega. Nikamwambia huwa wanaanza kunguruma kwenye miti wanayolala kabla hakujapambazuka, na kwamba akitoka nje mapema, kimya, atawasikia.

"Utaniamsha, kaka?"

Nikamwamsha saa 11. Mimi nilikuwa nimeshaamka kuchemsha maji. Siku hiyo tulikuwa na ngazi nyingi za kupanda hadi Saddle Hut, kituo cha pili cha kulala, mita 3,570, na spika yake tulishaipanga chini kabisa ya begi.