Dakika 55 Tezi na Omo

Tuliondoka Mikindani, karibu na Mtwara, saa mbili asubuhi, maji yakikaribia kujaa, kwa sababu nahodha wetu hakubali kumpeleka mzamiaji kwenye mabaki ya meli wakati maji yanapokupwa kwa kasi. Ilikuwa Februari, upepo wa kaskazi umelegea, na nje ya mlango wa ghuba bahari ilikuwa angavu hata nikaiona meli kabla sijavaa mtungi. Nahodha hakutia nanga, bali alifunga boti kwenye boya, jambo ambalo nitalirudia.

Chombo chenyewe ni cha chuma, si kikubwa, kimelala kiubavu juu ya mchanga. Tezi, yaani sehemu ya nyuma, ipo kwenye kina cha mita 12 hivi, na omo, yaani sehemu ya mbele, imeinuka hadi mita 6. Wapo wazamiaji wanaodharau kina kama hicho, na mimi siafikiani nao hata kidogo. Kwenye mita 10 shinikizo huwa mara 2 ya lile la juu ya maji, na kwenye mita 30 huwa mara 4, kwa hiyo kila pumzi ya huko chini hula hewa nyingi zaidi kutoka kwenye mtungi. Hapa mtungi mmoja ulinipa dakika 55. Isitoshe, rangi nyekundu ndiyo ya kwanza kumezwa na maji. Sifongo ambayo kwenye kina kirefu ingeonekana ya kijivu, pale omoni ilikuwa bado na wekundu wake.

Pembeni mwa meli ni mchanga mtupu, na mchanga unaohamahama haumpi mtoto wa tumbawe mahali pa kujishikiza. Chuma kilimpa. Matumbawe, sifongo na chaza vilipokwisha kushika, samaki wadogo walipata maficho, na wakubwa wakawafuata. Niliona chafi, kangaja, vipepeo, na kundi la mbono lililojikunja na kujikunjua juu ya omo bila kukatika.

Kaka anayeniongoza, ambaye alikuwa mvuvi kabla ya kuwa mzamiaji, alikuwa ameniambia botini: "Dada, chewa ukimfuata humwoni. Tulia, naye atatulia." Nikatulia kando ya taruma moja, yaani ubavu wa meli, lililobanduka, pengine kwa dakika 10. Chewa alikuwa chini yake, mwenye madoadoa, kinywa wazi na matamvua yametanuka, huku samaki wawili wembamba wenye mstari mweusi ubavuni wakimdonoa vijidudu vilivyomganda. Mmoja aliingia kinywani kabisa akatokea kwenye tamvua. Chewa angeweza kummeza kwa kufumba kinywa tu, lakini alisubiri, na alipochoka alijitikisa kidogo, wale wawili wakatoka. Sijaona jambo la kupendeza kuliko hilo baharini.

Wahenga walisema hata ukienda tezi na omo, marejeo ni ngamani, nami nikaingia ngamani, sehemu ya chini ndani ya meli, kupitia ubavu uliofunguka kwa upana wa kutosha watu watatu. Humo ndimo nilimokosea. Nilipiga mapezi kwa nguvu wakati wa kugeuka, tope laini likatimka, na kwa muda sikuona hata mkono wangu. Nilibaki pale pale nikivuta pumzi polepole, mpaka nuru ya ule ubavu ikarudi upande wa kushoto. Kaka hakunigombeza, alinionyesha tu, kwa kiganja, jinsi ya kupiga mapezi kidogo kidogo. Asiye na mafunzo ya kuingia ndani ya meli iliyozama abaki nje, maana nje ndiko kuliko na samaki wengi zaidi.

Karibu na omo kuna kovu jeupe lenye urefu wa mkono, mahali ambapo mnyororo wa nanga ya boti fulani uliburuzwa juu ya matumbawe yaliyojijenga kwa miaka mingi. Pembeni yake vipande vilikuwa bado chini, vimekufa. Ndiyo sababu ya lile boya, na ningependa kila anayevua au kuzamia pale afunge kamba yake kwenye boya hilo.

Tulipanda taratibu bila kuzuia pumzi, kwa kuwa hewa ya mapafuni hupanuka kadiri shinikizo linavyopungua, kisha tukasimama dakika 3 kwenye mita 5, tumeshika kamba ya boya. Mbono walipita kati yetu wawili, wakaizunguka kamba, wakarudi melini.