Kinywa cha Baba, Kinywa cha Binti

Bwana asifiwe, wapendwa. Somo letu wiki hii ni Waamuzi 11:29-40, nadhiri ya Yeftha, kiongozi wa Israeli aliyeahidi kwamba akishinda vita, atakayetoka mlangoni mwake kumlaki atatolewa kwa Bwana kuwa sadaka ya kuteketezwa; akatoka binti yake. Lakini naomba tuanzie Ugiriki ya kale, kwa binti mfalme aitwaye Iphigenia.

Majeshi yalikuwa yamekwama katika bandari ya Aulis, yakitaka kuvuka kwenda kuupiga mji wa Troy. Mwaguzi akatamka kwamba mungu wa kike Artemi amekasirika (ndiye yule Waefeso waliyempigia kelele saa mbili, Matendo 19), na mfalme Agamemnon hana budi kumtoa binti yake. Baba akatuma ujumbe nyumbani: mleteni, anaolewa na shujaa Achilles. Mtoto akaja harusini, akakuta madhabahu.

Wengine husimulia kwamba Artemi alimnyakua, akaacha ayala mahali pake. Aeschylus, mtunzi wa Kigiriki, katika tamthilia yake ya mwaka 458 K.K., hasemi hivyo. Anasema baba mwenyewe aliamuru binti ainuliwe juu ya madhabahu kama mbuzi na kinywa kizibwe, asije akailaani nyumba yake. Akabaki na macho tu, akiwatazama mmoja mmoja wanaume wale aliozoea kuwaimbia mezani kwa baba yake. Wapendwa, aliyekubali hazibwi kinywa.

Yeftha hakumziba wake. Binti alitoka na matari akicheza, na neno la kwanza la baba likawa lawama: umenitweza! Kisha akasema amemfunulia Bwana kinywa chake, hawezi kurudi nyuma. Wapo wanaofundisha kwamba binti aliwekwa wakfu tu, hakuchinjwa. Hata ikiwa hivyo, nadhiri haikuwa yake, na machozi ya miezi miwili milimani yalikuwa yake.

Tena tazameni mpangilio. Mstari wa 29, Roho wa Bwana anamjilia Yeftha. Nadhiri inakuja mstari wa 30. Msaada ulishafika, hakuna aliyemdai kitu. Na kuhusu watoto kuteketezwa, Bwana anasema katika Yeremia 7:31 kwamba hakuliagiza jambo hilo, wala halikumwingia moyoni.

Torati ilikuwa na njia kwa mtu aliyeapa kwa midomo yake bila kufikiri, Walawi 5:4-6: aungame, alete kondoo jike au mbuzi jike, kuhani amfanyie upatanisho. Mbuzi mmoja! Wala hatusomi popote kwamba Yeftha alimwendea kuhani.