Kwetu Msafiri Alikuwa Bibi

Tangu nirudi Mwanza, kila anayekuja kunipa pole ya safari anauliza habari za Ulaya. Baridi ikoje, watu wa huko wanaishije, na mbona sijanenepa. Nawajibu, lakini jamani, miaka yote ile nilijua njia ya kwenda kazini na ya kurudi chumbani, basi. Kwetu msafiri alikuwa Bibi, na nimerudi hayupo. Alizikwa Sengerema, kwao Babu, mimi nikiwa mbali.

Alizaliwa Ukerewe, akaolewa Kirumba, hapa Mwanza, na mfanyakazi wa bandari. Kusoma alijua kidogo, biashara ya dagaa na vitenge aliijua sana. Miaka ya sitini meli ya Victoria ilikuwa inazunguka ziwa zima: Bukoba, Port Bell, Kisumu, Musoma. Bibi alikuwa abiria wa daraja la tatu. Anatandika khanga, anaegemea furushi lake, hela kazifunga kwenye pindo, na chakula chake ni matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, kwa sababu hayachachi. Mwaka 1969 Papa Paulo wa Sita alipokuja Uganda, alivuka kwenda kumwona. Alikiri kwamba alichoona ni kitu cheupe tu kikipita mbali, ila bei za vitenge vya Kampala za safari ile alizikumbuka mpaka uzeeni.

Watoto nao wakatawanyika kwa kufuata mizigo ya mama yao. Mjomba alihamia Bukoba. Mama Mkubwa aliolewa Kisumu, na hapo ndipo siasa ilipotuingilia ndani. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, mpaka wetu na Kenya ukafungwa, haukufunguliwa mpaka 1983. Mama Mkubwa akapata mtoto katikati ya miaka hiyo. Yeye mwenyewe anasema aliyemkanda kwa maji ya moto alikuwa Bibi. Alifikaje? Nilipomuuliza Bibi alicheka, “Kwani ziwa lina geti, mke mwenzangu?” Nami sisemi zaidi.

MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996, ikiwa imebaki kidogo tu iingie Mwanza, watoto wake walimpiga marufuku kupanda meli. Alishinda kwenye matanga ya majirani, nyumba hii na ile, akipika na kulia. Baadaye alikwenda Bukoba kumwona Mjomba kwa basi, akarudi akilalamika mgongo. Safari iliyofuata akapanda meli, na nadhani hakuna aliyethubutu kumsemesha.

Juzi tulikwenda kaburini. Daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3 za zege juu ya maji, tulilimaliza tukiwa bado tunabishana nani alipe mafuta. Lilifunguliwa Juni 2025, na kwa kweli ni ukombozi. Mgonjwa hafii tena foleni akisubiri kivuko. Ila Bibi angenung'unika tu. Kwenye foleni ile ndiko alikokuwa anapata habari za mji mzima, nani kaoa, nani kafilisika, sangara anauzwaje, huku akitafuna hindi la kuchoma alilolipata kwa mkopo.

Sanduku lake la bati analo Mama Mdogo. Alilifungua mbele yangu: rozari, kitenge ambacho hakikuwahi kuvaliwa, picha ya Babu akiwa na sare, na senti za zamani za Afrika Mashariki, zile zenye tundu katikati, amezitunga kwenye uzi mweusi kama shanga. Nyingine zimeshika kutu ya sanduku. Uzi una fundo mwishoni, kubwa, la mtu asiyetaka kitu kianguke.

Nikaziomba. Mama Mdogo akafunga kifuniko. “Kasema uzipate wewe, lakini kwanza ukamwamkie dada yangu Kisumu. Umekwenda Ulaya hujawahi kukanyaga kwake!”

Kwa hiyo tiketi nimeshakata, basi la alfajiri linalopita mpakani Sirari. Nimekabidhiwa na kiroba cha dagaa kutoka soko la Mwaloni, pamoja na bei ya kuuzia, na onyo kwamba nikipunguza hata shilingi nitaijazia kwa hela yangu.