Mtandao wa waya hapa Uyole: taa nane zimewaka, kebo bado inagoma

Mara ya mwisho niliishia kwenye mabomba ya kupitishia waya. Yameshafukiwa, na udongo umeshindiliwa. Kwa asiyefuatilia: natoa kebo ya mtandao sebuleni, ilipo ruta, mpaka duka la steshenari la mama lililoko mbele ya nyumba, upande wa barabara ya Tukuyu. Ni kama mita 35. Wifi inafika pale imechoka, na mteja aliyesimama dirishani akisubiri fomu yake ichapwe hajali kuta ngapi ziko katikati.

Jumamosi asubuhi nilikwenda Mwanjelwa, hapa Mbeya, kununua kebo. Fundi mmoja ninayemheshimu sana alinisindikiza, na alichofanya dukani nitakifanya maisha yangu yote. Aliomba kipande, akavua ganda, akakwangua waya mmoja kwa wembe. Ndani ulikuwa mweupe. "Hii ni alumini imepakwa shaba, mwanangu. Irudishe." Kipande cha pili kilikuwa chekundu mpaka ndani, na hicho ndicho nilichonunua, kebo ya daraja la Cat5e. Kwa umbali usiozidi mita 100 inabeba gigabiti moja kwa sekunde, na duka la mama halihitaji zaidi ya hapo. Alumini hukatika upesi ukiikunja, na upinzani wake kwa umeme ni mkubwa kuliko wa shaba.

Jioni nikakaa sebuleni kubana konekta, vile vichwa vya plastiki vya kuchomeka kwenye tundu. Julai hapa Uyole vidole vinakufa ganzi, ndiyo maana nilikuwa na haraka. Ndani ya kebo kuna nyaya nane, jozi nne zilizosokotwa: chungwa, kijani, bluu na kahawia. Kila jozi ina waya wa rangi kamili na mwenzake mweupe wenye mstari wa rangi hiyo. Nikazipanga kama akili inavyotaka, kila mmoja na mwenzake: mweupe-chungwa, chungwa, mweupe-kijani, kijani, mweupe-bluu, bluu, mweupe-kahawia, kahawia. Upande wa pili vivyo hivyo. Nikachomeka testa, kile kifaa cha kupima nyaya. Taa zikawaka moja mpaka nane, kwa zamu, bila kuruka hata moja. Nilimwita mama aje aone.

Jumapili tukawasha. Taa ya swichi, kisanduku kinachogawa mtandao kwa vifaa, ilionyesha megabiti 100 badala ya 1,000 (yaani gigabiti moja), na hata hizo 100 zilikuwa jina tu. Faili la picha lilikuwa linaanza, linakwama, linaanza tena. Nilibadilisha swichi, nikabadilisha tundu la ruta, nikaanza hata kuishuku kebo niliyoikagua kwa wembe. Nilipoteza siku nzima.

Kosa lilikuwa kwenye rangi, na testa isingeweza kulikamata. Testa ya taa inauliza swali moja tu: waya ulioanzia nafasi namba 3 ya konekta huku umetokea namba 3 kule? Haiulizi waya huo umesokotwa na nani. Vifaa vya mtandao vinatumia namba 1 na 2 kama jozi, 4 na 5 kama jozi, 7 na 8 kama jozi, kisha 3 na 6. Siyo 3 na 4. Kwa mpangilio wangu, namba 3 ilikuwa mweupe-kijani na namba 6 ilikuwa bluu, nyaya mbili ambazo hazikusokotwa pamoja hata sentimita moja. Kijani na mweupe-bluu nao wakajikuta ni jozi kwenye 4 na 5.

Hapa ndipo nilipoelewa kwa nini rangi zipo. Waya wawili wa jozi moja hubeba ishara zinazopingana, mmoja ukipanda mwenzake anashuka. Kelele ya umeme kutoka nje, au kutoka jozi ya jirani, inawagusa wote wawili karibu sawasawa kwa sababu wamesokotana. Kifaa kinachopokea kinaangalia tofauti kati yao tu, kwa hiyo kelele inajifuta yenyewe. Ukiwatenganisha, kelele ya mmoja haipati ya kuifuta. Kwenye kebo ya mita moja unaweza usione lolote. Kwenye mita 35 nimeona.

Na kwa nini 3 na 6 zikae mbalimbali namna hiyo? Sababu ni simu. Laini ya simu ya mezani hutumia nyaya mbili za katikati ya tundu, kwa hiyo bluu, inayohesabiwa jozi ya kwanza, ikaachiwa 4 na 5, na jozi nyingine ikabidi iizunguke. Mpangilio huo una aina mbili, T568A na T568B, na tofauti yao ni kijani na chungwa kubadilishana nafasi, basi. Mimi nimechagua B kwa nyumba nzima: mweupe-chungwa, chungwa, mweupe-kijani, bluu, mweupe-bluu, kijani, mweupe-kahawia, kahawia. Shika konekta kilimi kikiwa chini, vijino vya dhahabu vikiwa juu na mbele, mlango wa kebo ukielekea kwako; namba 1 iko kushoto. Ukiweka A upande mmoja na B upande mwingine, vifaa vya siku hizi kwa kawaida hujirekebisha vyenyewe, lakini nisingependa fundi atakayekuja baada yangu akisie.

Jumatatu jioni nilikata vichwa vyote viwili na kuanza upya. Safari hii nilifungua msokoto kwa sentimita moja tu, maana mwanzoni nilikuwa nimefungua karibu nne ili nyaya zinyooke vizuri.

Rangi ya ganda la nje, kinyume na za ndani, haina sheria inayofuatwa na wote. Mwanjelwa nimepata kijivu na bluu, basi kijivu ni ya duka na bluu itakuwa ya kamera. Nimeandika hivyo kwa kalamu ya wino mzito ndani ya mlango wa kabati.

Taa ya swichi sasa inaonyesha 1,000. Mama amechapa fomu kurasa 40 za mteja mmoja bila kukwama, akaniambia nikamwagie ng'ombe maji. Jumamosi ijayo naanza kebo ya kamera ya getini.