Kwenye miksi, shusha kwanza

Wengi wanaoanza kumiksi, yaani kusawazisha sauti za wimbo uliorekodiwa, wana ugonjwa uleule. Solo (sauti ya anayeongoza) haisikiki, anaipandisha, kinanda kikapotea nacho kinapandishwa, halafu besi, halafu ngoma, ukija kuangalia mita za sauti zote nyekundu na wimbo unakwaruza. Jamani, kwenye dijitali sifuri ya mita ndo dari, ukishatoa faili kilichozidi hapo kinakatwa kichwa na hakirudi. Na treki (kila sauti iliyorekodiwa kivyake) zinajumlishana, chukua treki moja uinakili zipige pamoja uone, mita inapanda desibeli 6 na hujagusa kitu.

Mi nikipewa kwaya nashusha fada (vile vitelezi vya sauti) zote mpaka chini, naanza na solo peke yake, naiweka kilele chake kicheze kama desibeli -12 hivi, wengine wote ndo wanamfuata yeye. Akianza kumezwa simpandishi, natafuta nani kamfunika. Mara nyingi ni kinanda, ule mkono wa kulia unapiga palepale anapoimba dada wa watu, nakipunguza desibeli 2 au 3 tu na solo inatoka yenyewe mbele. Hata alto wakikaa nyuma ya kiti changu wakisema "yetu ongeza kidogo fundi" (na watasema, soprano nao watasema), nashusha wengine kidogo, wanaondoka wamefurahi.

Kitu kingine ni neno la mwisho wa mstari, pumzi inamuishia mwimbaji neno linazama. Usipandishe treki nzima kwa ajili ya silabi moja! Kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, kuna zana ya envelopu (mstari wa kupandisha na kushusha sauti), weka nukta kabla ya neno na nyingine baada, za katikati ndo unavuta juu, kwingine kunabaki kama kulivyokuwa.

Halafu punguzeni spika. Watafiti Fletcher na Munson walishapima tangu 1933, sauti ikiwa ndogo sikio linapoteza besi kuliko vitu vya katikati, kwa hiyo ukimiksi kwa kelele besi unaiona inatosha kabisa, mtu akisikiliza taratibu nyumbani haipo. Mi nasawazisha kwa sauti ya mtu anayeongea, nikimaliza natuma kwenye simu nasikiliza kwa kispika chake kile kidogo, maana wasikilizaji wengi wako huko WhatsApp. Miksi nzima naiacha kilele desibeli -6, ukubwa wa sauti utaongezwa kwenye masta, ile hatua ya mwisho baada ya miksi.