Prof wa kunyima dawa

Tangu nikabidhiwe kitengo cha magonjwa ya kuambukiza, simu za usiku zimebadilika. Zamani niliitwa kumwona mgonjwa. Siku hizi daktari kijana anaomba idhini ya meropenemu, antibiotiki kali ya hospitalini, nami namuuliza lile lile: damu ya kuotesha vijidudu maabara mlitoa kabla ya dozi ya kwanza? Kimya kidogo, halafu, "Prof, chupa zimeisha."

Darasani nasisitiza damu itangulie dawa, mililita nane hadi kumi kwa kila chupa, ngozi ipanguswe na iachwe ikauke. Wanafunzi wananukuu vizuri kabisa, wakipanda wodini wanakuta kabati tupu. Kumbe ukuu wenyewe ni huu, kufukuzana na karatasi za ununuzi ofisi hadi ofisi. Utafiti nausoma Jumapili, watoto wakilala.

Wiki hii tumempokea kijana wa bodaboda kutoka Kawangware, homa na kikohozi wiki tatu, suruali imemlegea kiunoni. Bahasha yake ilijaa karatasi za kliniki za mtaani, na karibu zote zimeandikwa malaria na taifodi, kwa nguvu ya kipimo cha Widal ambacho hutoa jibu la "ndiyo" hata pasipo na taifodi. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, malaria ya kuambukizwa hapa hapa mjini ni nadra, lakini homa ya mjini lazima ipewe hayo majina mawili. Alishachomwa seftriaksoni, antibiotiki ya sindano, wiki nzima, akaongezewa nyingine. Mama yake akanishika mkono: "Daktari, mchome ile kali zaidi."

"Mama, kwanza tupate makohozi yake."

GeneXpert, mashine inayosaka kifua kikuu kwenye makohozi, haikuchukua hata saa tatu. Kifua kikuu, tena kile kinachosikia rifampisini, dawa yake kuu. Dawa ni vidonge vya miezi sita, bure, bila sindano hata moja. Mama aliviangalia vile vidonge kama mtu aliyepunjwa chenji.

Shirika la Afya Duniani liligawa antibiotiki katika makundi matatu mwaka 2017, na seftriaksoni ikawekwa kwenye kundi la kutumiwa kwa tahadhari. Huku kwetu ndiyo ya kwanza kushikwa. Ikishindwa, mkono unakwenda moja kwa moja kwa meropenemu, na hiyo nayo ikizoewa na vijidudu, kinachobaki ni kichache, ghali, na kingine kinaumiza figo.

Kesho kamati ya dawa inakaa. Nitapendekeza meropenemu itolewe kwa saa 48, kisha majibu ya maabara yaangaliwe kabla ya kuendelea. Anayepinga zaidi ni daktari wa upasuaji aliyenifundisha, ambaye hadi leo namwita Mwalimu. Nimempigia, nikamwamkia, tukaongea habari za wajukuu weee, ya meropenemu hatukuyafikia. Kesho nitakaa karibu naye nianze na suala la chupa, maana hizo hata yeye anazilalamikia.