Ukipata saa moja na wanamtaa, itumie jikoni

Semina nyingi za uchafuzi wa hewa huanza na picha za viwanda na magari yanayotoa moshi mweusi. Mama anayepika maharage kwa kuni kwenye banda la bati husikiliza kwa adabu, hupiga makofi, kisha hurudi kwenye moshi wake uleule. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020, na zaidi ya 237,000 kati yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Kwa hiyo wahudumu wa afya ya jamii, walimu na viongozi wa vikundi, nawaomba: mkipewa saa moja, nendeni nayo jikoni.

Anzeni na kuni zenyewe. Moshi ni gesi na lami za kuni ambazo hazikupata joto au hewa ya kutosha ziungue. Kuni mbichi inaweza kuwa nusu maji kwa uzito, na moto hutumia nguvu zake kuchemsha maji hayo kabla ya kuchemsha chungu. Kuni iliyokauka vizuri ina maji chini ya asilimia 20. Huhitaji kifaa kuijua: ncha zake zina nyufa, ganda linabanduka, na ukigonganisha vipande viwili vinalia kwa sauti kali. Mbichi hutoa mlio mzito uliofifia. Pasueni kuni ziwe na unene wa kifundo cha mkono, zipangeni juu ya magogo zisiguse ardhi, zikiwa na paa juu na pande wazi. Kosa la kawaida ni kuzifunika nailoni mpaka chini. Unyevu hukosa pa kutokea na kuni huota ukungu. Zipeni miezi 6 hivi, na zaidi zikikatwa masika.

Kisha ulishaji wa moto. Ncha tu ndizo ziungue, vipande vitatu au vinne, vikisukumwa ndani kadiri vinavyoliwa. Chini ya kuni ibaki nafasi ya hewa kupita. Mdomo wa jiko ukijazwa kuni mpaka juu, moto hukosa pumzi na moshi hurudi usoni kwa mpishi. Na mtoto asiwe mgongoni wakati wa kuwasha. Hizo ndizo dakika chafu kuliko zote.

Mkaa nauzungumzia kwa uzito zaidi, kwa sababu unadanganya. Ukishashika na kuwa mwekundu hauonekani kutoa moshi, na watu huamini umeshakuwa salama, kumbe ndipo unapoendelea kutoa kaboni monoksidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Kila msimu wa baridi, Njombe na Makete, Limuru na Nyandarua, jiko huingizwa chumbani lipashe joto, mlango ukafungwa. Barakoa haizuii hewa hii. Dirisha lililoachwa wazi kidogo halitoshi. Fundisheni dalili kwa jina: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, mwili kuishiwa nguvu. Wakiumwa hivyo watu wawili au watatu wa nyumba moja kwa wakati mmoja, bila homa, watoeni wote nje kwanza, kisha wafikisheni hospitali, hata kama wanasema wamepata nafuu.

Kuwasha mkaa kufanyike nje. Kung'uteni jivu mpaka matundu ya jiko yaonekane, ondoeni chenga kwa sababu huziba hewa, fungueni kidirisha cha chini chote. Juu ya jiko simamisheni kopo la bati lililotobolewa juu na chini likawa wazi. Linavuta hewa kama bomba la moshi, na kupepea hupungua sana. Msiwashe kwa mifuko ya plastiki, wala kwa mafuta ya taa. Mkimaliza kupika, mkaa uliobaki ufungieni nje kwenye debe lenye mfuniko ufe kwa kukosa hewa. Kesho utafaa tena.

Njia rahisi ya kupunguza moshi ni kupunguza muda wa moto. Maharage yaliyolowekwa usiku kucha huiva mapema zaidi, na sufuria iwe na mfuniko. Maji yakishachemka, moto mkubwa hauongezi joto la chakula, kwa hiyo punguzeni. Anayetaka zaidi atumie kikapu chenye matandiko mazito: maharage yaliyolowekwa yachemshwe kwa nguvu nusu saa, sufuria ifungwe kwenye kikapu kwa muda wa saa 3, kisha ichemshwe tena kabla ya kula. Hiyo nusu saa isirukwe, maana maharage mekundu yana sumu inayokufa kwa kuchemka kikamilifu tu.

Banda la jiko linahitaji matundu mawili yanayotazamana. Moja halitembezi hewa.

Gesi hupunguza moshi kuliko ushauri wote huu, na mkakati wa Tanzania unalenga asilimia 80 ya wananchi watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Shida ni kwamba mtungi wa kilo 6 hukaa sebuleni ukisubiri wageni na chai, huku makande yakipikwa kwa mkaa. Penye umeme, jiko la presha la umeme linajibu swali la makande moja kwa moja. Kwa gesi, pakeni povu la sabuni kwenye regulata na mpira: mapovu yakikua, inavuja. Mwali wa njano unaoacha masizi unamaanisha hewa haitoshi, safisheni matundu ya kichomeo.

Taka msizichome jioni. Baada ya jua kutua hewa ya chini hupoa, hutulia, na moshi hulala katikati ya nyumba hadi asubuhi. Mabaki ya chakula yazikwe, na plastiki isichomwe saa yoyote.

Mkiweza kuazima kipimo cha PM2.5, yaani chembechembe laini za moshi zilizomo hewani, watu huamini namba za jiko lao wenyewe. Kiwekeni mita 1 kutoka kwenye jiko, kimo cha mita 1.5, mbali na mlango, kwa saa 24. Tangu 2021 Shirika la Afya Duniani linashauri wastani wa saa 24 usizidi maikrogramu 15 kwa kila mita ya ujazo. Rudieni siku nyingine kwa mlo uleule, kuni zikiwa kavu. Msipime siku ya ukungu au mvua, kwa sababu vipimo vya bei nafuu huhesabu matone ya maji kama vumbi.